Fundi wa Maandishi Yaliyochanika

Kitabu kiitwacho Nox hakina uti. Kimewekwa ndani ya boksi la kijivu, na humo boksini mna karatasi moja tu, ndefu ajabu, iliyokunjwa mbele na nyuma mara nyingi mpaka ikafanya rundo la kurasa. Ukiitoa kwa pupa inakuponyoka, inateremka mapajani hadi sakafuni. Anne Carson, mshairi na mhakiki wa Kanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1950, alikitengeneza kwanza kwa mikono yake, nakala moja peke yake, baada ya kaka yake Michael kufariki Copenhagen mwaka 2000. Alibandika picha za familia, vipande vya barua, maandishi ya mashine yaliyokatwa kwa mkasi, michoro. Miaka 10 baadaye kampuni ya New Directions ya New York ikakichapa vilevile kilivyokuwa. Kila ukurasa ulinakiliwa kwa uangalifu mkubwa, hata ukiona pini ya stepla unapeleka kidole uiguse, na kidole kinakuta karatasi laini isiyo na kitu.

Siri ya kitabu imo upande wa kushoto. Mwanzoni mwa kitabu umewekwa utungo wa 101 wa Catullus, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza KK, ambaye naye alifiwa na kaka mbali na nyumbani, huko karibu na Troya, akasafiri kwenda kuliona kaburi. Ni utungo wa mistari 10 tu. Carson anautoa mzima kwa Kilatini, kwenye karatasi iliyofifia, bila tafsiri. Kisha kila ukurasa wa kushoto unachukua neno moja la utungo huo, kwa mpangilio uleule, na kulifanya kidahizo: neno, aina yake, maana ya kwanza, maana ya pili, mifano ya matumizi. Msomaji asiyejua Kilatini atadhani kurasa zimenyofolewa kwenye kamusi. Akitulia na kusoma mifano mmoja baada ya mwingine, ataanza kushtuka. Usiku unajitokeza mno. Neno linahusu zawadi, na mfano wake una usiku; linahusu kuzungumza, na mfano una usiku; hata kiunganishi kidogo kisicho na rangi wala harufu kimepewa mfano wenye usiku ndani yake. Nox ni usiku kwa Kilatini. Carson kauchomeka humo kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, akiiga sauti kavu ya mtunga kamusi, na matanga yake yote ameyaficha pale ambapo mtu hategemei kukuta chozi.

Upande wa kulia unamhusu Michael, na mambo yake ni machache. Aliondoka Kanada mwaka 1978 akikwepa kifungo, akazunguka Ulaya na India kwa pasipoti isiyo yake, akamwandikia mama yake barua moja, akapiga simu mara chache mno katika miaka zaidi ya 20. Alipofariki, mjane wake alichukua kama wiki mbili kuipata namba ya dada mtu. Mwandishi mwingine angemjenga upya kaka huyo: angempa mazungumzo, angemwekea utoto wa jua na mito, angetueleza alichokuwa akikiwaza ndani ya gari moshi kuelekea kusikojulikana. Carson hathubutu. Anaweka kile alichonacho, na pale asipojua anaacha karatasi tupu. Kwa kuwa hawezi kumfafanua mtu, anafafanua maneno ya shairi la mtu mwingine aliyefiwa, moja baada ya jingine, mpaka yaishe. Tafsiri yake ya utungo mzima inakuja baadaye sana, msomaji akiwa ameshapita katika kila neno. Humo humo kitabuni anakiri kwamba alikuwa akiujaribu utungo huo tangu shule ya sekondari na kwamba hakuwahi kuridhika.

Ninakisifu kitabu hiki kwa sababu kazi yote ya Carson inaonekana ndani yake kwa pamoja. Huyu ni fundi wa maandishi yaliyochanika. Amefanya kazi na mabaki miaka nusu karne, na ufundi wake mkubwa ni kutolijaza pengo kwa kitu cha kubuni halafu akalificha. Mtu anaweza kudhani ni uvivu, maana kuacha nafasi wazi ni rahisi kuliko kuandika. Lakini kuijua nafasi inayostahili kuachwa wazi, ukubwa wake, na maneno yanayoweza kusimama kando yake bila kuanguka, hiyo si kazi ya lelemama. Inataka usomi.

Usomi wenyewe ulianza mapema. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki, na familia ilihamahama katika miji midogo ya jimbo la Ontario. Katika mji wa Port Hope, mwalimu wake wa Kilatini alijitolea kumfundisha Kigiriki cha kale saa za chakula cha mchana, nje kabisa ya ratiba ya shule, na humo Carson alimsoma Sappho. Chuo Kikuu cha Toronto alikiacha mara mbili. Hakupenda kulazimishwa masomo, hasa lile la mshairi wa Kiingereza Milton, na kwa muda akaenda kufanya kazi ya usanii wa picha za matangazo. Aliporudi alirudi kwelikweli. Alikaa mwaka mmoja St Andrews, Uskochi, akijifunza mizani ya ushairi wa Kigiriki na uhakiki wa nakala kwa Kenneth Dover, mmoja wa mabingwa wa fani hiyo katika karne ya 20. Mwaka 1981 akapata udaktari Toronto. Baadaye alifundisha Princeton, McGill na kwingineko, na kwa miaka mingi maelezo ya mwandishi nyuma ya vitabu vyake yalisema mambo mawili tu: kwamba alizaliwa Kanada, na kwamba riziki yake anaipata kwa kufundisha Kigiriki cha kale.

Uhakiki wa nakala unastahili neno moja zaidi, maana ndio uliomfunza mkono. Ni kazi ya kukaa na miswada kadhaa ya andiko moja, kuona wapi mnakili alisinzia, wapi herufi imeliwa na mdudu, wapi mtu wa karne za baadaye aliongeza lake. Aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja wa zamani anaijua hali hiyo. Mwanafunzi anafundishwa kutenganisha kwa alama kilichoandikwa na kilichokisiwa, kwa sababu asiyetenganisha anawadanganya watakaokuja. Carson aliichukua amri hiyo ya maabara ya wasomi akaifanya sheria ya ushairi.

Kwa Sappho jambo hili linaonekana waziwazi. Sappho aliishi kisiwani Lesbos mwishoni mwa karne ya 7 KK na mwanzoni mwa ya 6. Wataalamu wa maktaba ya Aleksandria walizikusanya nyimbo zake katika vitabu vinavyosemekana vilikuwa 9. Kati ya nyimbo zote hizo, mmoja tu ndio uliotufikia ukiwa mzima. Nyingine zilisalia kwa njia mbili. Ama mwandishi wa kale, mwanasarufi au mwalimu wa balagha, alinukuu mstari, pengine neno moja, kuthibitishia hoja yake. Ama karatasi ya mafunjo ilitupwa jalalani huko Misri na mchanga mkavu ukaitunza. Majalala ya Oxyrhynchus, kusini mwa Cairo, yalianza kuchimbwa na Grenfell na Hunt wa Oxford mwishoni mwa karne ya 19, na vipande vilivyotoka humo bado vinasomwa mpaka leo. Kipande kinaweza kuwa kimebakiza herufi za katikati ya mistari peke yake, pembe zote zimekwenda.

Watafsiri wengi wa zamani walivishona vipande hivyo. Waliona aibu kumpa msomaji nusu ya wimbo, wakaziba kiraka hapa, wakaongeza waridi pale. Carson katika If Not, Winter, kitabu chake cha mwaka 2002 chenye Sappho wote aliyesalia, Kigiriki ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili, anatumia mabano ya mraba. Fungua ukurasa wowote wa vipande vya mafunjo: bano, nafasi nyeupe, neno moja, nafasi, bano jingine, maneno mawili, kisha mabano yanashuka upande mmoja bila neno hata moja mpaka chini. Katika dibaji anaeleza bila kificho kwamba mabano hayo hayajawekwa kila mahali palipochanika, maana kurasa zisingesomeka. Ameyaweka kumwonjesha msomaji hali ya mtu aliyeinamia kipande cha mafunjo. Na maneno yaliyosalia kwa sababu mwanasarufi fulani aliyanukuu hayana mabano. Hayo hayakuchanwa na wakati. Mtu aliamua kuyakata hivyo, na kukatwa kwa uamuzi si sawa na kuliwa na mchwa. Tofauti hiyo ndogo inanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Msomaji 1 kati ya 100 ndiye atakayeigundua, na Carson aliifanyia kazi kwa ajili ya huyo mmoja.

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tumefundishwa utoshelezi: ubeti ujitegemee, ubebe wazo lake hadi likamilike, msomaji asiachwe ananing'inia. Ni kanuni nzuri na imetupa mashairi makubwa. Sappho wa Carson ananing'inia kila ukurasa, lakini humwoni kuwa kapungukiwa. Sababu yake ni kwamba maneno machache yaliyobaki yamepimwa kwa sikio la mshairi. Anajitahidi kufuata mpangilio wa maneno wa Kigiriki kadiri Kiingereza kinavyoruhusu, na panapobaki neno moja peke yake kwenye ukurasa mweupe analipa nafasi ya kutosha lisikike lote, kutoka herufi ya kwanza hadi pumzi inayofuata.

Kabla ya tafsiri hiyo kulikuwa na uhakiki. Mwaka 1986 alichapisha Eros the Bittersweet, kitabu kilichotokana na tasnifu yake, na ndicho ninachomshauri kila mwalimu wa fasihi akisome, hata kama hana haja na Wagiriki. Sura ni fupi fupi, nyingine kurasa mbili tatu tu. Anachukua kipande cha 31 cha Sappho, kile maarufu ambamo msemaji anamtazama mwanamume aliyeketi karibu na msichana anayecheka, na mwili wa mtazamaji unaanza kumvurugika: ulimi, ngozi, macho, masikio. Karne nyingi watu walisema hilo ni shairi la wivu. Carson anasema tazameni vizuri, yule mwanamume hapigwi vita wala hatakiwi aondoke. Yupo kwa sababu mapenzi yanahitaji nukta tatu: anayependa, anayependwa, na kile kilicho kati yao. Ukiondoa cha katikati, hamu yenyewe inakwisha. Kutoka hapo anakwenda mbali kwa ujasiri wa kushangaza, mpaka kwenye alfabeti ya Wagiriki, iliyozipa irabu alama zake na hivyo kuonyesha ukingo wa kila sauti, na kwenye swali kama watu waliojua kusoma na kuandika waliuona mpaka kati ya nafsi na nafsi kwa namna mpya. Baadhi ya wataalamu waliliona dai la alfabeti kuwa kubwa kuliko ushahidi wake, na nadhani wana haki. Lakini usomaji wa kipande cha 31 umesimama, na ukishaupata huwezi kurudi kwenye wivu.

Jambo la kutazama hapo ni kwamba pengo tayari limeshageuka. Katika uhakiki wa nakala pengo ni hasara. Katika Eros the Bittersweet pengo ndilo linalofanya jambo litokee. Miaka 14 baadaye, Michael alipofariki bila ya dada yake kuwepo, fundi alikuwa tayari na vyombo.

Katikati ya safari hiyo kuna Autobiography of Red ya mwaka 1998, riwaya ya kishairi iliyompatia wasomaji wengi ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sarufi ya Kigiriki. Chanzo chake ni Stesichorus, mshairi wa karne ya 6 KK aliyehusishwa na Sicily, aliyetunga utungo mrefu kuhusu Geryon, kiumbe mwenye mbawa aliyechunga ng'ombe wekundu kwenye kisiwa cha mbali mpaka Herakles alipofika akamuua na kuwachukua ng'ombe. Ajabu ya Stesichorus ni kwamba yaonekana aliisimulia hadithi akiwa upande wa Geryon. Vipande vikubwa vya utungo huo vilitoka kwenye mafunjo ya Misri yaliyochapishwa mwaka 1967. Carson anaanza kwa insha juu ya Stesichorus na vivumishi. Anafuatisha na vipande vinavyojifanya tafsiri lakini vina vitu ambavyo mtu wa karne ya 6 KK asingeweza kuvijua. Anaongeza viambatisho juu ya hadithi ya Stesichorus kupofushwa na Helen kwa kumkashifu, kimoja kikiwa mlolongo wa hoja za mantiki zinazoshikana mikono na kuzunguka mpaka zinapoteza njia. Ndipo riwaya inapoanza, na Geryon ni mvulana wa zama zetu, mbawa zake zimefichwa chini ya koti, ana kamera, anateswa na kaka yake, anampenda kijana aitwaye Herakles ambaye anamuumiza moyo badala ya kumpiga mshale. Wanakutana tena Buenos Aires, wanasafiri hadi Peru kwenye milima ya volkano. Mistari inapishana, mrefu na mfupi, mrefu na mfupi, toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini yote hayo mwanzoni, insha na viambatisho, kabla ya hadithi? Mhariri mwepesi angeshauri yakatwe. Mimi naona ndiyo msingi wa nyumba. Kwa kuanza na vipande, Carson anamjulisha msomaji kwamba kitakachofuata kimejengwa juu ya kitu kilichovunjika, na anamwonyesha mipasuko kabla ya kumkaribisha ndani. Alikuwa huru kubuni kila kitu, na amebuni kwa furaha kubwa. Lakini hakutaka ubunifu wake udhaniwe kuwa ni Stesichorus. Alama ya mtu wa miswada imebaki, ila sasa haionekani kama mabano.

Economy of the Unlost, mwaka 1999, nitaipitia haraka ingawa wasomi wengi wanaiweka juu ya zote. Anawaweka pamoja Simonides wa Keos, anayetajwa na watu wa kale kuwa mshairi wa kwanza kutunga kwa malipo, na Paul Celan, Myahudi aliyezaliwa Romania mwaka 1920 na kuandika kwa Kijerumani, lugha ya waliowaua wazazi wake. Simonides alitunga maandishi ya makaburini, na anayeandika juu ya jiwe analipia kila herufi kwa nafasi na kwa jasho la mchongaji. Celan alibana maneno kwa sababu nyingine kabisa. Carson anawasoma kwa zamu bila kumlazimisha yeyote afanane na mwenzake, na pale wanapokutana, kwenye ubahili wa maneno mbele ya wafu, msomaji anafika mwenyewe.

Kwa upande wa tamthilia ametafsiri za Aiskhylos, Sophokles na Euripides, na humo kuna jambo ambalo waigizaji wanalithamini kuliko wasomi. Elektra wa Sophokles analia. Kigiriki kina vilio vingi vya aina aina, si maneno bali ni sauti za mfupa, na mtunzi alivipanga kwa makusudi: vingine ndani ya mizani ya mstari, vingine nje yake. Mtafsiri wa kawaida anaweka "ole wangu" na kuendelea na safari. Carson alivichambua kimoja kimoja, akaandika insha nzima juu yake, na katika tafsiri akaviacha kwa sauti zake za Kigiriki, vimeandikwa kwa herufi ambazo mwigizaji wa leo anaweza kuzitoa kooni. Lugha yake haina kitu cha kutosha hapo, na hakutafuta cha kubandika. Ukiwa umesoma insha yake ya mwaka 1995 juu ya jinsia ya sauti, anakoonyesha jinsi wanaume wa Ugiriki ya kale walivyoichukia na kuiogopa sauti ya mwanamke inayopaa, unaelewa kwamba kuviacha vilio hivyo vikiwa vizima ni jambo la haki pia.

Tuzo amepata si haba. Mwaka 2000 alipewa ufadhili wa MacArthur wa Marekani. Mwaka 2001 Tuzo ya Griffin ya Kanada, aliyoipata tena mwaka 2014. Kwa The Beauty of the Husband alipata Tuzo ya T. S. Eliot ya Uingereza, mwanamke wa kwanza kuipata. Mwaka 2020 Hispania ikampa Tuzo ya Binti Mfalme wa Asturias. Wakati huo huo wapo wahakiki nchini kwake waliomkataa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walisema haya ni nathari iliyokatwa katwa, usomi wa kupambia, sifa zilizopulizwa na watu wanaoogopa kuonekana hawajui Kigiriki. Shutuma hiyo siipuuzi. Kuna kurasa katika Float, mkusanyo wake wa mwaka 2016 wa vijitabu vilivyowekwa ndani ya kasha ili visomwe kwa mpangilio wowote, ambazo sioni mkusanyo ungepungukiwa na nini zikiachwa. Mistari yake mingine haina muziki; inasema kitu na kuondoka. Lakini wanaomtaka awe na sauti tamu wanamdai kitu ambacho hakukiahidi. Sikio lake liko kwenye kiungo cha sentensi, pale hoja inapogeuka, na hapo sijui wengi wanaomshinda.

Ushahidi wangu ni insha yake ya mwaka 2008 juu ya ukimya katika tafsiri. Anazungumzia mmea ambao katika Homer mungu Hermes anampa Odysseus umkinge na uchawi wa Circe. Homer anautaja kwa jina linalotumiwa na miungu na haongezi neno. Anazungumzia Jeanne d'Arc mbele ya mahakimu waliotaka aeleze sauti alizozisikia zilikuwa na umbo gani, na namna alivyowanyima jibu walilolitaka. Kisha, badala ya hitimisho, anatoa zoezi. Anachukua kipande cha Ibykos, mshairi wa karne ya 6 KK kutoka kusini mwa Italia. Kipande hicho kina sehemu mbili. Kwanza bustani wakati wa machipuko: miti ya matunda imenyweshwa na mito, mizabibu inanawiri. Kisha mapenzi ya msemaji, ambayo hayana msimu wa kupumzika, yanakuja kama upepo wa kaskazini kutoka Thrace, wenye radi na giza na ukame, yakiutikisa moyo. Mifupa inayoshikilia yote ni viungo vichache: kwa upande mmoja, kwa upande mwingine, si hivyo tu bali.

Anakitafsiri mara moja, sawasawa. Kisha anakitafsiri upya akijifunga kutumia maneno yanayopatikana katika shairi moja la John Donne. Tena kwa maneno ya faili la FBI juu ya Bertolt Brecht. Tena kwa ukurasa mmoja wa Endgame ya Samuel Beckett. Tena kwa kitabu cha mazungumzo na Kafka. Tena kwa majina ya vituo na mabango ya treni za chini ya ardhi za London. Mwisho kabisa, kwa kijitabu cha maelekezo ya oveni ya maikrowevu.

Unaposoma toleo la maikrowevu, bustani imekuwa vitafunio na sosi. Upepo wa Thrace haupo, Ibykos hayupo, na neno la mapenzi halipo popote. Vile viungo vya sentensi viko mahali pake, kila kimoja kimesimama pale Ibykos alipokiweka miaka 2500 iliyopita, na sentensi inapogeuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili, bado inauma palepale.